Kadi Tano za Nyamu

Kadi zilikuwa na joto.

Hilo ndilo lililoanza, na lau pale mezani pangekuwa na mtu mwenye akili zake zote siku hiyo, mambo yangeishia hapo hapo. Ruguru alizikusanya kutoka mbele ya kiti kitupu, kadi tano zilizokatwa kutoka kwenye katoni za majani ya chai, akazikuta na joto kama mayai yaliyotoka sasa hivi chini ya kuku. Kadi za wengine zilikuwa baridi. Akazitia zote kwenye rundo, akazichanganya, hakusema kitu. Miezi ile hakuwa mtu wa kusema kitu. Ungemmwagia maji ya moto angeuliza tu nani atapiga deki.

Kiti kile kilikuwa cha Nyamu, mumewe, na Nyamu alikuwa kaburini tangu mwezi wa tatu.

Sasa ngojeni niwaeleze mchezo wenyewe, maana bila mchezo hamtaelewa ujinga uliofanyika. Nyamu alikuwa fundi wa simu mjini Runyenjes, mtu mfupi, mcheshi, mdomo bila breki. Siku moja stima zilipopotea alichukua kalamu za rangi za mtoto wake akabuni mchezo, akauita Wanatuficha. Kila mchezaji hupewa kadi tano, na kila kadi ina picha ya kitu cha kawaida: jogoo, chifu, mnara wa simu, kiazi, kioo, transfoma. Zamu yako ikifika unaweka tatu mezani, kisha unasimulia jinsi vitu hivyo vitatu vinavyokula njama dhidi ya wananchi. Ukimaliza unapiga meza na kusema, "Wanatuficha!" Hapo huwashwa njiti moja ya kibiriti. Mwenye kupinga aseme "Nakataa" kabla njiti haijazima, na aonyeshe hadithi yako imetoboka wapi. Kama hadithi imemtaja mchezaji kwa jina, basi ni huyo aliyetajwa peke yake mwenye haki ya kukataa. Njiti ikizima na hakuna aliyekataa, hadithi yako ni ukweli. Inaandikwa kwenye daftari, na hairudiwi.

Msicheke. Watu wazima wenye mashamba na madeni ya kanisa waliupenda mchezo huo kuliko mpira. Nyamu aliwahi kuthibitisha kwamba viazi vya Kibirichia vina macho mengi kwa sababu vimeajiriwa na kaunti kupeleleza nani anapika bila kumkaribisha jirani, na hakuna aliyeweza kukataa, hata watu wa Kibirichia wenyewe. Mchezo ukapanda mlima, ukateremka. Ukafika Chuka, ukafika Makutano kule Meru, na mwaka huu yakapangwa mashindano makubwa huko huko Makutano mwezi wa tisa, timu kumi na mbili, kila timu watu wanne.

Timu ya Runyenjes ilikuwa Nyamu, mkewe Ruguru, Ireri mwalimu wa historia, na Mukiri, Mmeru aliyeolewa Embu, mwenye saluni. Walifanya mazoezi kila Jumapili baada ya kanisa, chumba cha nyuma cha saluni ya Mukiri, katikati ya harufu ya mafuta ya nywele.

Mwezi wa tatu Nyamu alienda Kibirichia kucheza mechi ya kirafiki. Akarudi akiwa juu ya lori la viazi, na lori likapinduka. Sanduku lilipofika nyumbani kwa mama yake, kijijini Kyeni, lilikuwa limefungwa kwa misumari. Wazee wakamwambia Ruguru, "Usimwangalie, mama. Mkumbuke vile alivyokuwa." Akatii. Hakumwangalia. Alisimama kando ya kaburi na mwavuli wa mtu mwingine mkononi, akawaza kwamba mwavuli ule una waya mmoja umekatika.

Ila kulikuwa na mtoto. Rwamba alikuwa na miaka minane. Siku ya ajali walimpeleka kwa shangazi yake Chuka, na mazishi yakafanyika hayupo. Aliporudishwa Runyenjes kwenye nyumba yao ya kukodi akauliza, "Baba yuko wapi?" Ruguru akafungua kinywa, na kinywa kikasema chenyewe, "Ameenda Mombasa. Amepata kazi huko."

Alidhani huo ni uongo wa wiki moja. Lakini uongo ni kama mbuzi, ukishamfuga lazima umlishe. Kila siku ilibidi aongeze majani: baba amepiga simu ukiwa shule, baba anasema usome kwa bidii, baba anaona bahari. Akaacha kumpeleka mtoto kwa nyanya yake ili asilione kaburi. Mtoto aliitikia tu, "Sawa, mami," akaendelea kuchora. Ruguru hakulia, hakucheka, alishona sare za shule, kazi yake ya kila siku pale sokoni, mpaka sindano ikamdunga akaona damu kwenye kitambaa kabla ya kuisikia kidoleni. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa bado kinamwogopesha duniani: Rwamba kujua kwamba baba yake amekufa.

Haya. Turudi mezani.

Mwezi wa saba Ireri alisema timu lazima iwe watu wanne. "Na mimi siwezi weka mtu mwingine kwa kiti ya Nyamu," akasema. "Mniue kwanza. Tutampatia kadi zake kama kawaida. Jina yake si bado iko kwa orodha?"

"Na nani atamchezea?" Mukiri akauliza.

"Nitamsomea. Nyamu nilimjua, najua vile angesema." Ireri akakivuta kile kiti, akakipangusa kwa kiganja, akasema kwa sauti ya utani, "Nyamu, ndugu yangu, keti. Kaa na sisi."

Wakacheka kidogo, kicheko cha matanga. Ruguru akagawa kadi. Na hiyo ndiyo Jumapili kadi zilipotoka na joto.

Jumapili iliyofuata kadi za Nyamu, zilizogawiwa kifudifudi, zilipatikana tatu zimelala chali. Hakuna aliyeona zikigeuka. Jogoo, saa, chifu. Ireri akadhani Mukiri anatania, Mukiri akadhani ni Ireri, na kwa kuwa ilikuwa inachekesha, Ireri akasoma: "Nyamu anasema chifu amebadilisha saa za jogoo wote, ili tuamke wakati mkutano wake umeshaisha na maamuzi ameshayafanya. Wanatuficha!"

Njiti ikawashwa. Nani angemkatalia marehemu? Waliiacha izime, Mukiri akaandika kwenye daftari. Chumbani pakabaki harufu, na haikuwa ya kibiriti peke yake. Ilikuwa tamu, nzito, kama ya duka la nguo za harusi.

Jumatatu saa nane mchana jogoo wa Runyenjes wote waliwika pamoja. Wa sokoni, wa nyuma ya kanisa, wa kule kwenye kahawa. Asubuhi hakuwika hata mmoja, na tangu hapo ikawa hivyo kila siku. Watu walilaumu hali ya hewa. Ruguru alisikia jogoo, akatazama saa, akaendelea kushona.

Jumapili ya pili ya mwezi wa nane zikageuka kioo, kiti na mtu. Ireri akasoma, safari hii bila haraka, kwamba vioo vya saluni huweka sura za watu, huzifungia ndani na kuzitumia wenyewe wakishaondoka. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekataa pia.

Siku ya tano Mukiri akamfuata Ruguru sokoni, kitambaa kichwani kimekaa upande, macho mekundu. Akainama juu ya cherehani.

"Ruguru, mimi nafunga hiyo saluni," akanong'ona. "Nimesuka mama mmoja asubuhi, akaenda. Saa moja baadaye bado yuko kwa kioo. Ameketi tu ananiangalia."

"Labda ni uchovu."

"Uchovu gani? Ngoja nimalize. Nikaangalia kioo ya chumba cha nyuma. Kwa kiti ya Nyamu kuna mwanaume. Namwona mgongo. Anachanganya kadi. Ruguru, vidole vyake vyote vinatoshana. Kidole gumba na kidole kidogo, urefu mmoja."

Ruguru alimtazama. Mahali ambapo hofu ilipaswa kukaa palikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. "Amevaa nini?" akauliza.

"Shati ya bluu."

Nyamu alienda Kibirichia na shati la bluu. Ruguru akakata uzi kwa meno, akasema sawa, atafikiria.

Jumamosi mama yake Nyamu akaja mwenyewe kutoka Kyeni na kikapu cha nduma, kwa kuwa aliona mjukuu haletwi. Rwamba amepewa jina lake, na bibi kizee huyo, aliyeitwa na kila mtu Cucu, yaani nyanya, hakuwa mtu wa kunyimwa wajina wake. Alifika mlangoni akasimama. Akanusa mara mbili, pua juu.

"Nani amefukiza hapa?"

"Hakuna aliyefukiza, Cucu."

"Mimi nimezeeka macho, pua bado. Hii ni udi. Nilinusa hii nikiwa msichana, kwa nyumba ya Mswahili aliyekuwa na duka Embu." Akamtuma mtoto nje akachume sukuma wiki, akafunga mlango, akakaa. "Sasa niambie mnafanya nini nyinyi watu."

Ruguru akamwambia. Timu, kiti, kadi, jogoo, mwanaume wa kwenye kioo. Alisimulia kama mtu anayesoma tangazo la kanisa. Cucu alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Sikiza, mwanangu," akasema. "Mimi ni mtu wa kanisa, lakini niliona baba yangu akimwaga uji chini kwa ajili ya waliotangulia. Alikuwa anasema: shika, kunywa, nenda. Kila mara. Shika, kunywa, nenda. Marehemu anapewa chake anaambiwa aende. Nyinyi mlimwambia nini?"

"Ireri alimwambia akae."

"Mungu wangu." Cucu akafunga macho. "Na hata hivyo Nyamu hangekuja hivyo. Mzimu wa kwetu hajui udi. Wa kwetu ananuka moshi na ugoro. Hicho ni kitu hakina ukoo, ni jini, na majini hayajui njia ya kupanda huku mpaka yaitwe. Nani aliita pwani?"

Nje Rwamba alikuwa akiimba wimbo wa shule, akivunja majani ya sukuma moja moja. Ruguru akaitazama mikono yake.

"Mimi," akasema. "Nilimwambia mtoto baba yake yuko Mombasa."

Bibi kizee hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Akasema, "Basi ulimtuma mume wako Mombasa, na kilichoitikia huko si mume wako. Kimepata kiti, kimepata jina. Kinangoja sasa mtu wa nyumba yake akikubali. Lazima ukikatae. Useme Nyamu amekufa, kwa mdomo wako, mbele ya kila mtu uliyemdanganya. Usipofanya hivyo kitaingia hapa kama baba, na hapa ndipo mtoto analala."

"Kila mtu?"

"Wewe unajua ni nani."

Ruguru alijua. Usiku huo alipanga jinsi ya kukwepa. Atasema mezani, mbele ya Ireri na Mukiri, kiti kisikie, yaishe. Mtoto hana haja ya kujua. Mtoto bado ana baba, yuko Mombasa, anaona bahari.

Jumapili Cucu aliondoka na bodaboda baada ya ibada ya kwanza, kwa kuwa ng'ombe hawana sikukuu. Rwamba akaachwa kwa Eunice, jirani wa mlango wa pili. Ruguru akaenda saluni. Mukiri alikuwa amevifunika vioo vyote kwa leso, na hakukubali kuingia chumba cha nyuma mpaka Ireri alipomshika mkono.

Kadi zilikuwa tayari zimegawiwa.

Hakuna aliyekuwa amezigawa. Tano mbele ya kila kiti, zimenyooka, na mbele ya kiti cha Nyamu tatu zimelala chali. Lori. Sanduku. Na ya tatu, ambayo Mukiri alipoiona alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Hiyo hatuna," akanong'ona. "Ireri, hiyo kadi sisi hatuna."

Ilikuwa picha ya mwanamke aliyeshika mwavuli, kageuza uso pembeni, na waya mmoja wa mwavuli umekatika. Kalamu ilikuwa ile ile ya Nyamu, rangi zile zile za mtoto.

"Mimi sisomi," akasema Ireri. "Leo sisomi." Lakini alikuwa ameshakaa, na kinywa chake kikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa na uzito wa mwalimu wala mikwaruzo ya mwalimu, ilikuwa nyepesi, yenye kicheko chini yake, sauti ya mtu mfupi mcheshi ambaye Ruguru alilala naye kitanda kimoja miaka tisa.

"Lori lilipinduka. Sanduku likapigwa misumari. Ruguru akaambiwa asiangalie, na Ruguru hakuangalia. Sasa niambieni, nani aliona? Mke hakuona. Mtoto hakuona. Watu walizika mbao. Nyamu hakufa. Wanatuficha."

Mkono wa Ireri ukapiga meza. Mkono huo huo ukawasha njiti.

"Ruguru, kataa!" Mukiri alikuwa analia. "Amekutaja wewe, ni wewe peke yako! Sema, aki sema!"

Na Ruguru alitaka kusema, alikuwa amekuja kwa ajili hiyo, neno alilibeba kutoka nyumbani kama mtu anavyobeba yai mfukoni, lakini moto ulipokuwa ukitambaa juu ya ile njiti, mwekundu, mdogo, akaihisi sehemu moja ndani ya kifua chake ambayo haikuwa na ganzi, sehemu ndogo kama punje ya mtama, na sehemu hiyo haikutaka kukataa, sehemu hiyo ilisema kweli hukumwona, kweli nani ajuaye, mwache aje, hata kama si yeye, hata kama ana vidole vya urefu mmoja, mwache aje akae mlangoni avue viatu aseme chai imepoa. Njiti ikafika vidoleni mwa Ireri, ikaunguza ngozi, hakuiachia. Ikazima.

Ireri akapiga ukelele, akazishika nywele. Sauti yake ilikuwa imerudi. Mle chumbani harufu ya udi ikakatika ghafla kama mtu aliyefunga mlango, ikabaki ya mafuta ya nywele.

"Ameenda," akasema Mukiri.

"Ameenda wapi?" Ireri akauliza.

Ruguru alikuwa ameshafika barabarani.

Ilikuwa saa kumi na ukungu umeteremka kutoka mlimani, umeficha maduka na bendera za kanisa, na jogoo, waliopaswa kunyamaza tangu saa nane, walikuwa wanawika tena, kutoka kila upande, huku hawaonekani. Alikimbia na viatu vya kanisa. Kwa Eunice mlango ulikuwa na kufuli, Eunice alikuwa ameshuka mtoni kuosha karoti, na baadaye aliapa kwamba Rwamba alimwambia, "Usijali, mama Eunice, baba amekuja," naye akadhani mtoto anacheza tu. Nyumbani kwa Ruguru mlango ulikuwa umerudishwa tu. Harufu ya udi ilimpokea uani.

Akausukuma.

Rwamba alikuwa ameketi mezani, miguu haifiki chini, kadi tano mkononi, na mbele yake, mgongo kwa mlango, mwanaume mwenye shati la bluu, shati lisilo na kunyanzi hata moja, lisilo na tone la damu wala vumbi la viazi, akichanganya rundo kwa vidole vilivyotoshana, taratibu, kadi zikishuka moja juu ya nyingine bila mlio wowote, na alipogeuka uso ulikuwa wa Nyamu, kila kitu cha Nyamu, kovu la kidevuni, jino lililopanda jingine, ila macho hayakupepesa, yalikaa tu usoni kama vifungo vilivyoshonwa na fundi mwenye haraka, na mdomo ukatabasamu na kusema, "Mama Rwamba. Umechelewa. Chai imepoa."

Na palikuwa na kiti cha tatu. Kilikuwa kimevutwa tayari kwa ajili yake.

Ruguru alipiga hatua moja kukielekea. Siwezi kuwadanganya, alipiga hatua, na ingekuwa ni yeye peke yake angekaa, angekunywa chai ile baridi na kulala na kitu kile mpaka siku ya mwisho, na asingeona tofauti kubwa na miezi mitano aliyokuwa ametoka kuishi. Lakini Rwamba aliinua macho. Mtoto hakuwa na furaha. Alikuwa anamtazama mama yake kwa makini, anamsoma usoni, kama mtu aliyempa mgonjwa dawa na sasa anangoja kuona kama imefanya kazi.

Kile kitu kikaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, vidole vitano vya urefu mmoja juu ya nywele alizosukwa na Mukiri. "Mwambie mami akae," kikasema.

Hapo ndipo Ruguru aliposikia hofu. Ilikuja yote kwa mpigo, ya miezi mitano, akashika fremu ya mlango.

"Rwamba," akasema. "Rwamba, njoo hapa. Nilikudanganya. Baba hakwenda Mombasa. Lori lilianguka. Baba amekufa, Rwamba. Yuko kwa Cucu, tumemzika chini ya mti wa makadamia. Baba yako amekufa."

Jogoo wakanyamaza. Mwanaume wa shati la bluu akaacha kuchanganya.

Rwamba akaweka kadi zake mezani, kifudifudi, kwa adabu, vile baba yake alivyomfundisha.

"Najua, mami," akasema.

"Unajua?"

"Watoto wa shule waliniambia siku ya kwanza niliporudi. Hata mwalimu aliniambia pole." Mtoto alisema polepole, kama anayemwonea huruma mtu mzima. "Nilidhani ni wewe hujui. Ulikuwa unasema amepiga simu. Nikasema nisikwambie."

Ruguru akaiachia fremu ya mlango.

"Huyu alibisha juzi. Nilijua si baba, angalia vidole vyake. Lakini wewe hulii na hucheki. Nikafikiri labda ukimwona utapona." Mtoto akazisogeza kadi zake mbali. "Kama hutaki, mimi pia sitaki. Mimi nakataa. Baba amekufa."

"Amekufa," akasema Ruguru.

Kile kitu kiliwatazama, mmoja, kisha mwingine. Hakikulia, hakikupasuka, wala hakikutoa moshi kama wanavyosema wahubiri. Kilikusanya kadi zake tano, kikazilaza mezani, kikasimama. Uso wa Nyamu ukaanza kulegea, ukakosa wa kuushikilia, ukawa si uso wa mtu yeyote. Kikapita kando ya Ruguru mlangoni, karibu kiasi kwamba alisikia ubaridi na chumvi, kikaondoka kama anavyoondoka mgeni aliyekaa muda mrefu asipewe hata maji, na ukungu ukakichukua pale kwenye lango la mabati.

Ruguru akaketi sakafuni palepale. Rwamba akaja akamwingia mapajani, mkubwa hivyo, magoti yote nje, na ndipo mama akalia. Alilia kwa sauti kama wanavyolia watu siku yenyewe ya msiba, kilio cha kwanza kile, kisichojua majirani wala heshima, na mtoto akalia juu yake, wakapokezana, akinyamaza huyu anaanza yule. Aliita jina la mumewe. Alisema kwamba alipaswa kumwangalia, hata kama ni mkono tu.

Eunice alikuwa anapanda kutoka mtoni alipousikia. Akakimbia na karoti zake kichwani zikidondoka njiani, akaingia uani akihema.

"Mama Rwamba! Ni nini? Ni nani amekufa?"

Ruguru akainua uso uliolowa mpaka shingoni.

"Ni Nyamu," akasema. "Nyamu amekufa."

Eunice ndiye aliyepika chai ya matanga ya Nyamu mwezi wa tatu, masufuria matatu makubwa, kwa mikono yake. Alitua beseni la karoti, akafungua kitambaa kichwani, akaketi nao chini.